Mswaki Mfukoni

Mume alifika asubuhi na mswaki mfukoni. Nesi alimfungulia mlango, akaupokea mswaki, akautia kwenye kikombe cha bafuni kando ya wake. Kisha akamshushia kandambili zake kutoka juu ya kabati, akazipangusa vumbi.

"Wamefika wapi?" mume aliuliza.

"Wako njiani. Vua hiyo saa, hawaijui."

Akaivua. Tumwite mume kwa leo tu, maana talaka yake na nesi ilikuwa imeshapoa siku nyingi. Alikuwa fundi friji, mtu mtaratibu, na tangu waachane hawakugombana tena. Nesi alimtazama akitundika shati nyuma ya mlango, akajipapasa moyoni kama kuna mahali panapouma. Hakuna palipouma.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya wazazi wa nesi. Baba alikuwa na wimbo mmoja tu: ukoo wake haujui talaka. Aliuimba hata siku ya harusi mbele ya wageni, mama akiitikia kwa kichwa. Watu waliwaita wazee hao chanda na pete. Kumwambia mzee kama huyo kwamba binti yake pekee ameachika kungekuwa kumzika akiwa hai.

Bahati nzuri wazee ndio waliokuwa wakija. Nesi akitaka kwenda kwao, mama humkatalia: "Usijisumbue mwanangu, una kazi." Kwenye simu mambo yalikuwa rahisi zaidi. Wakimuulizia mkwe wao, mkwe anaoga. Naye akimuuliza mama habari za baba, baba ametoka kidogo.

Wazee wakaingia, kila mmoja na begi lake. Baba akatoa zawadi: chupa ya chai, nyekundu. Mama akatoa yake: chupa ya chai, nyekundu vilevile.

Nesi akazipanga mezani, moja kando ya nyingine.

"Mimi na mama yako tumeshakuwa mtu mmoja," baba alisema. "Hata tukinunua, tunanunua kitu kimoja!"

Wakacheka wote. Mume alicheka kuliko wote.

Mezani mama alimtilia baba sukari, kijiko juu ya kijiko. Baba alifungua mdomo, akaufunga, akainywa chai hivyo hivyo.

"Mnaishi vizuri, wanangu?"

"Vizuri sana, mzee," mume alijibu, akamwekea nesi mkono begani. Ulikaa pale kama mkono wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Nesi alichoka ghafla. Alitaka aseme, liwalo na liwe. Akainua macho, akaona wazazi wake wameshikana mikono juu ya meza. Akameza maneno yake pamoja na chai.

Jioni wazee waliaga, wakakataa katakata kusindikizwa. Mlango ulipofungwa, mume alivaa saa yake na kuchukua mswaki.

"Mwakani tena?"

"Nitakupigia," nesi alisema. "Asante."

Alipobaki peke yake aliketi, akatazama chupa mbili nyekundu, asiwaze kitu. Ndipo alipouona mtandio wa mama kwenye kiti. Akaunyakua, akatoka mbio hadi kituo cha mabasi.

Aliwakuta wamesimama kwenye mlango wa basi, wamempa mgongo. Baba alikuwa akimpa mama begi lake.

"Sukari nimekatazwa na daktari," baba alisema.

"Sasa mimi ningejuaje? Ungeniambia kabla hatujaingia."

"Haya, yamepita. Mwakani tena?"

"Nitakupigia," mama alisema. "Asante."

Akapanda. Baba akavua pete, akaitia mfukoni, akavuka barabara kuwahi basi la upande wa pili.