Mabaki ya Mfarishi wa Harusi

"Mabaki ya mfarishi wa kitanda cha harusi ni ya kushonea mto wa mjukuu wangu!" mama mkwe alimfokea Inshirah akitoka chumbani kwake. "Satini nyekundu, pamba safi, halafu wewe unakwenda kuzibia tundu la ukuta! Huko kwenu Mahalla hamkufunzwa adabu?"

"Tundu gani tena?" mwanawe aliuliza, mdomo umejaa mlenda.

"La chumbani kwetu," Inshirah alimjibu mumewe, huku akimega mkate. "Hata wewe hulijui, nimetundika kioo juu yake. Upande wa pili liko nyuma ya kabati la mama, usawa wa jicho."

Mumewe aliacha kutafuna.

Inshirah akainuka, akamsogelea mkwewe, akamtoa uzi mwekundu uliomnasa kwenye kope.

"Pole, mama. Jicho haliumi?"