Kifuniko cha Piano

Salha hakuthubutu kufungua piano. Mjane aliye kwenye eda asikike akipiga muziki, tena waombolezaji wangali sebuleni wakisoma khitma, ni aibu isiyofutika. Basi akaacha kifuniko kimefungwa, akaanza kupiga kwa ncha za vidole juu ya ubao mtupu.

Ilikuwa dansi ya kijijini kwao mtunzi mmoja wa Ulaya, aliyeiandika akiwa ugenini. Marehemu mumewe, Hilali, aliipenda kuliko zote, naye alimfundisha aipige kama yeye. Salha aliisikia yote kichwani. Hakujua kwamba ubao nao ulikuwa ukisikika.

Alipoinua macho, mamamkwe wake alikuwa amesimama mlangoni. Vidole vikamganda.

"Unapiga chakacha," Bi Shekha alisema kwa sauti ya chini. "Ngoma ya harusi, na kaburi la mwanangu bado bichi."

"Si chakacha, mama. Wallahi ni ule muziki wake wa Kizungu."

"Piga tena."

Salha akapiga. Bi Shekha alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Huo mdundo wa mkono wa kushoto ni wangu," alisema. "Nilikuwa nikiicheza ngoma hiyo, Hilali yuko mgongoni."

Kule sebuleni kisomo kikakatika. Nyayo zikaanza kuja. Bi Shekha akafunga mlango, akatia komeo, akaja kuketi kando ya mkwewe. Mlango ulipogongwa, mkono wa Bi Shekha ulikuwa tayari umeshika ukingo wa kifuniko, ukianza kukiinua.