Siku Hasna Alipopona

Faridi alikuwa ametega sikio mlangoni, mtu mzima na ndevu zake, mlango ulipofunguliwa ghafla. Nusura aangukie ndani.

"Wewe si nimekwambia ukae benchini?" alifoka Agnesi, mshauri wa mambo ya ndoa. "Humu nazungumza na Hasna."

"Kwani si mie niliyemleta?"

Agnesi akarudi ndani. Akaurudisha mlango, akaukomea.

Ni kweli, yeye ndiye aliyemleta. Ndiye aliyeuliza mtaa mzima wa Mwanga mpaka akakipata chumba hiki nyuma ya zahanati, baada ya dua na makombe ya kunywa kushindwa. Maana Hasna alikuwa hagusiki. Mkono wa mwanamume ukimkaribia, hata kwa wema, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Basi kila Alhamisi walikuja, kila mmoja kwa njia yake, maana midomo ya watu wa Ujiji mnaijua wenyewe.

Faridi alimpenda, jamani. Tusimnyime hilo. Usiku analala peke yake, kakumbatia mto. Mchana sokoni mteja anataka migebuka, yeye anamfungia dagaa. Alizijua hasira zake mwenyewe, na mkono wake mwepesi aliujua pia, lakini alishaapa kwamba yale yamekwisha. Alichotaka sasa ni kimoja tu, Hasna apone. Asipopona, aliona afadhali yeye mwenyewe afukiwe.

"Kasemaje leo?" alimuuliza Hasna alipotoka.

"Kasema tuanze na kushikana mikono. Tuishie hapo hapo."

"Mikono tu? Mpaka lini?" Sauti ilimpanda. Hasna akarudi nyuma, akajikinga uso kwa mtandio. Faridi akajuta, lakini neno lilishatoka.

Jioni akaenda kwa Abdulkarimu, fundi cherehani, rafiki yake tangu madrasa. Abdulkarimu ni mtu wa taratibu, hakuna aliyewahi kumsikia akigomba. Faridi alimwagia yote aliyokuwa nayo moyoni.

"Haraka ya nini?" alisema Abdulkarimu, macho kwenye kitambaa. "Mwache apumue. Mtu halazimishwi."

"Rahisi kusema. Wewe hujui ninavyoungua!"

Abdulkarimu akaendelea kushona.

Miezi ikapita hivyo, na kila Alhamisi Faridi alirudi nyumbani na moyo mzito kuliko alivyokuja. Mara Agnesi kasema wakae karibu wakinywa chai. Mara kasema Hasna akisema basi, iwe basi, wala asiulizwe kwa nini. Loo! Dawa gani hii isiyo na mwisho? Kuna wiki Faridi alikata tamaa kabisa, akalala siku mbili bila kwenda sokoni.

Kisha mambo yakageuka. Akiwa pale benchini alisikia kicheko ndani, kicheko cha Hasna, alichokisahau. Alhamisi iliyofuata Hasna akaja amepaka hina. Uso umenawiri, hatembei tena akijikunyata. Agnesi alimtoa mpaka nje, akampa mkono, akamwambia hana haja ya kurudi.

Faridi aliinuka. "Vipi?"

"Nimepona, Faridi."

"Kweli? Umepona kabisa?"

Hasna akainamisha macho kwa haya. "Jumapili nililala na mume wangu. Sikutetemeka."

Faridi alishindwa kujizuia, akalia kwa furaha hadharani, bila kujali nani anapita. "Alhamdulillahi! Sasa Abdulkarimu akuache, kama tulivyopatana alipokuoa ili unihalalikie tena. Eda ikiisha, nakuoa upya."

Hasna alijitanda vizuri mtandio wake.

"Talaka tatu ulinipa wewe, Faridi. Kwa Abdulkarimu siombi hata moja."