Karatasi Moja Iliyobaki

Ilibaki karatasi moja tu kati ya zile alizokuwa akipewa baba kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Pembeni ilikuwa na alama ya kidole gumba chake, nyeusi kwa grisi.

Kila Jumapili alitukalisha tutengeneze kitu: tiara, maua, picha za kugonga kwa kiazi kilichochongwa. Yeye kuchora hakujua. Ng'ombe wake walifanana na meza.

Miezi miwili baada ya kumzika, niliitandaza ile karatasi mezani, nikachonga kiazi, nikakichovya kwenye rangi.

"Tupokigwe, hiyo usiiguse," mama alisema. "Ukiiharibu, nyingine utaitoa wapi?"

"Baba angeikuta tupu mpaka leo angenicheka, mama."

Mama aliinama, akaibana karatasi kwa viganja viwili isisogee.

"Haya, gonga taratibu."