Ukuta Unaosikia Salamu

Kila nyumba yenye mgonjwa wa uvimbe wa kurithi ilibandikwa kipimamaisha ukutani, chombo cha kusikiliza anayosema mgonjwa. Kikisikia mara nyingi kwamba mtu hajambo, dawa yake inasimamishwa.

Nakundwa, mwenye uvimbe uliomjaa mgongoni mpaka shingoni, alinyimwa dawa kwa sababu ya salamu. Jirani akimuuliza, "Umeamkaje?" yeye hujibu, "Salama." Angejibu nini? Hata aliyefiwa husema "nzuri" kwanza, ndipo aseme kafiwa na nani.

"Mfumo unaona unaishi vizuri, mama," mhudumu wa zahanati alimwambia.

"Basi huo mfumo wenu haukufunzwa na mamaye."

Akarudi nyumbani, akapiga marufuku neno salama. Binti yake Nietiwe, aliyeurithi ugonjwa, alifundishwa naye kujibu "vibaya" kila aulizwapo, hata akiwa anacheza.

Dawa zikarudi. Asubuhi moja Nietiwe hakutoka kitandani.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Vibaya, mama."

Nakundwa akabaki mlangoni, asijue kama mtoto anamjibu yeye au anaujibu ukuta.