Maharage Matatu

Katika kuzunguka chuo cha kilimo kwa miguu, Mwanaidi alichungulia chumba kilichokuwa wazi. Mezani palikuwa na chupa ya maharage yenye madoa mekundu. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, iliyopotea Uluguru tangu biashara iwe ruksa na mbegu za dukani zipande mlimani.

Alitoa matatu. Nyayo zikasikika. Akayatia mdomoni.

Mlinzi, mzee wa mvi, akasimama mlangoni.

"Mbona huamkii, binti? Kwenu hamna wakubwa?"

Mwanaidi aliinama. Akameza moja, likamkwaruza koo. Mawili akayabana chini ya ulimi.

"Shikamoo, babu." Sauti ilitoka nzito.

"Marahaba."

Mzee hakuondoka. Alimtazama mdomo.

"Kwetu Uluguru ukoo hufuata mama. Wewe wa ukoo gani?"