Presha ya Kuazima

Shati la Ngala liliingia chumba cha daktari, kofia ya Ngala juu yake, na kitambulisho cha Ngala kikawekwa mezani. Ngala mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda cha chai nje ya lango, akimwomba Mungu.

Aliyeingia ni Dena, pacha wake. Walifanana mpaka mama yao akiwachanganya.

Kiwanda kimoja cha chumvi huko Marereni kilikuwa kinatafuta msimamizi, na Ngala alibakiza kipimo cha afya tu. Bahati mbaya presha yake ilikuwa haishikiki. Akiikosa kazi hii atarudi kubeba magunia juani, na mwili wake haungeweza tena. Aliogopa kweli.

Chumvi hakuionja kwa miaka, presha ikapanda vile vile. Nesi mmoja alimhoji mpaka maswali yakafika Ngomeni, utotoni, Ngala akimsaidia baba yake kuyeyusha betri kuukuu za magari ili wapate chubwi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu. Moshi aliuvuta yeye, na mihogo akaila kwa mikono ile ile. Sumu ya risasi hukaa mwilini, nesi akamwambia, na presha ni mojawapo ya madeni yake.

Dena yalimpita hayo yote. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua, akapelekwa Rabai kwa nyanya yake kabla hajajua kutembea, akakulia huko.

"Damu yako ni madafu matupu," Ngala alimtania asubuhi wakibadilishana mashati. "Niazime ya leo tu."

"Na ukishakuwa bosi, utanijua?"

"Nitakuandika kazi ya kuwa mimi."

Sasa Dena alitoka, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Tumepita?"

"Mia moja na tisini na tano. Daktari anataka nilazwe leo hii."

"Wacha mzaha, Dena!"

"Sina mzaha. Kaniuliza kama niliwahi kuchezea risasi nikiwa mdogo."

Ngala akacheka kwa kukata tamaa. "Wewe? Hata chubwi huijui!"

"Baba alikuwa akija kuniona," Dena akasema polepole. "Kila akija, ananiletea samaki mdogo wa chuma kizito kinachong'aa, kamtengeneza mwenyewe, ili nisimsahau. Sikuwa nikipata usingizi mpaka nimtie mdomoni."